Bunduki Moja, Mabega Mawili

Mkono uliotua juu ya mtutu ulikuwa na unga kwenye kucha, na ulinukia iliki. Darla Saarela hakuhitaji kugeuka. Katika wilaya nzima ni mwanamke mmoja tu anayeingia duka la bunduki akinukia mkate mtamu.

"Hiyo ina mwenyewe," alisema Mummu Aili, yaani Bibi Aili, mama mkwe wake.

Hapo ndipo tulipowaacha, na najua baadhi yenu mmenisema vibaya wiki nzima. Haya, nimerudi. Lakini kwanza niwakumbushe wale ambao gazeti lao liliishia kuwashia jiko.

Darla ni mjane, mpishi wa jikoni la shule. Mumewe, Reino, alikufa majira ya baridi yaliyopita, akaacha binti mmoja, Kaisa, mwenye miaka kumi na miwili na ulimi wa watu wazima wawili. Akaacha pia kitanda: kile cha ubavuni mwa jiko la kuni, katika kambi ya kuwindia ya ukoo wa Saarela. Alikuwa amemwahidi Kaisa kwamba umri ukifika watakilalia pamoja, kichwa huku, miguu kule. Umri umefika. Mwenye ahadi hayupo.

Aliyepo ni Wes, kaka mkubwa wa marehemu. Wes anakitaka kitanda hicho ampe rafiki yake Lyle, mtu wa karata, bia na trela kubwa. Hakukataa waziwazi, maana angeonekana mbaya mbele ya kanisa. Alisema tu kwamba kambini halali mtu asiye na shabaha. Jumamosi ya mwisho kabla ya msimu, mama na mtoto waje wapige sahani ya bati ya kuokea keki, kila mmoja risasi moja, kwa bunduki yao wenyewe. Akikosa mmoja, wamekosa wote.

Kwa bunduki yao wenyewe. Reino aliwinda miaka yote kwa bunduki ya kuazima kwa Wes, nayo Wes aliifuata siku ya pili baada ya mazishi, akala na chakula cha matanga kilichobaki. Alijua vizuri kwamba mshahara wa jikoni hununua bunduki moja, tena ile ya nyuma ya duka. Na bunduki moja inayomfaa mama mwenye mikono mirefu kama makasia, na binti mwenye mikono ya kitoto, ni kitu adimu kama harusi isiyo na ugomvi.

Jumamosi hiyo ndiyo leo.

Asubuhi walikuwa wamezijaribu zote. Bunduki kubwa ya Wes, ile ya kuangushia dubu, ambayo alimsihi Darla ainunue kwa "bei ya kindugu", ilikuwa imempiga Kaisa teke wiki mbili nyuma akakaa kwenye theluji bila kupanga. Ile mpya ya plastiki ilikuwa rahisi, lakini kitako chake kilikuwa kifupi mno. Darla aliishika akaonekana kama anapiga filimbi. Nyingine ilikuwa nzuri kwa wote wawili, na bei yake ilikuwa nzuri kwa daktari wa meno.

Kisha, kwenye kona ya nyuma, kando ya ndoo za chambo, wakaipata hii. Kuukuu. Nyepesi. Risasi yake ndogo lakini inatosha kabisa kwa kulungu, na teke lake ni la mbuzi, si la farasi. Urefu wake ulimkaa Kaisa vizuri na ulimkaa Darla vizuri kiasi. Ilikuwa rahisi kwa sababu moja tu: nungunungu aliwahi kukitafuna kitako chake kwa ajili ya chumvi ya jasho, na meno yake yalikuwa yameacha mifereji kuanzia shavuni hadi mwisho. Wanaume wa kwetu hawatembei na bunduki iliyoliwa.

Na sasa mkono wenye unga ulikuwa juu yake.

"Mwenyewe nani, Mama?" Darla aliuliza.

Mummu Aili aligeukia kaunta. Alimwangalia Gordy Ruona, mwenye duka, mzee mnene ambaye ghafla alikuwa na kazi nyingi ya kupanga ndoana zilizokwisha kupangwa.

Gordy alikohoa. Akasema, akiziambia ndoana, kwamba Wes alikuwa amepiga simu mapema, akaomba bunduki yoyote ya bei ya chini yenye teke dogo iwekwe kando hadi Jumatatu. Kwa ajili ya rafiki.

Jumatatu! Jaribio ni leo mchana.

"Amelipa?" aliuliza Mummu Aili.

"Ametoa neno."

"Neno la Wes halinunui hata mnyoo kwenye ndoo yako hiyo, Gordy. Na wewe ndiye mtu wa mwisho wa kuwawekea watu kando bunduki hii. Mwuzie mwanangu."

Alisema mwanangu. Si mkamwana, si mke wa Reino. Darla alilisikia neno hilo likimwingia kifuani, lakini hakuwa na muda wa kulishughulikia, maana Gordy tayari alikuwa anaandika risiti kwa kasi ambayo hajawahi kuonyesha tangu duka lifunguliwe.

Kabla ya kuitoa, Mummu Aili aliichukua kuhakikisha haina risasi. Komeo la bunduki ile lilikuwa kaidi. Asubuhi ile Gordy alikuwa amemwonyesha Darla mara mbili jinsi ya kulifungua: ulipige kwa kiganja kutoka chini, papo hapo ulivute. Mummu Aili, ambaye hakuna aliyewahi kumwona na silaha kubwa kuliko mti wa kusukumia unga, alilipiga kwa kiganja kutoka chini, akavuta. Likafunguka kama mlango wa nyumbani kwake.

Kaisa aliona. Akamtazama bibi yake, kisha komeo, kisha bibi yake tena.

"Mummu, umejuaje?"

"Vaeni makoti," alisema bibi. "Tunachelewa."

Makoti, msomaji. Yashike hayo makoti kichwani.

Katika duka la Gordy hakuna anayeingia na koti. Kuna misumari mlangoni, kuna jiko linalonguruma, na kuna sakafu ya mbao ambayo Gordy hataki ilowe. Kila mtu wa kwetu anajaribu bunduki ndani ya sweta, anaipenda, anailipia, anavaa koti, anaondoka. Na kila mwaka mtu mmoja anagundua kosa lake akiwa juu ya mti, kulungu yuko mbele yake.

Leo mtu huyo alikuwa na miaka kumi na miwili.

Shimo la changarawe nyuma ya kambi lilikuwa limejaa theluji hadi magotini, na watu hadi ukingoni. Wes alikuwa amehakikisha wapo wa kutosha kuona. Lyle alikuja na begi lake la kulalia, akaliweka kwenye baraza ya kambi, mahali ambapo Darla angelazimika kuliruka.

Mlango wa kambi ulikuwa wazi. Kutoka nje ungeweza kuziona zile pembe juu yake, pembe pana za kulungu mkubwa kuliko wote waliowahi kutoka msitu huu, ambazo Wes huzigusa kila mwaka kabla ya kuondoka, akisema "nipe bahati, Baba". Kila mtu anajua kisa cha marehemu Urho Saarela, mume wa Mummu Aili, na kulungu yule aliyemwangusha mbele ya shahidi. Wes hukisimulia mkiwa mmekaa, mkiwa mmesimama, na mkiwa mmesinzia.

Ndani, nyuma ya jiko, ungeweza pia kuuona ukuta wa aibu. Hapa kwetu mwindaji akimkosa kulungu, wenzake wanamkata mkia wa shati kwa kisu, wanaupigilia ukutani na jina lake. Reino ana vitambaa vinne pale. Lyle ana viwili, na hata si wa ukoo. Wes hana hata kimoja, na hukumbusha. Na juu ya vyote, kimekaushwa na moshi, kipo kitambaa chekundu kisicho na jina, cha zamani kuliko kingine chochote. Watoto wakiuliza ni cha nani, huambiwa wale chakula chao.

"Shemeji," Wes alimpokea Darla, akitabasamu kwa meno ya juu tu. Macho yake yalishuka kwenye bunduki, yakaona mifereji ya meno, na tabasamu likapata meno ya chini. "Nani ameanza kuila, wewe au mtoto? Mngeniambia mna njaa."

Lyle alicheka. Lyle hucheka kulipia kitanda chake.

"Baba mkubwa," Kaisa alisema kwa adabu ya hatari, "Gordy anakusalimu. Anasema yule rafiki yako wa Jumatatu asihangaike kuja."

Watu wawili watatu walikohoa kwenye kola zao. Gordy, aliyekuja nyuma yao na gari lake kuwa mwamuzi, aliangalia angani kama anayetafuta bata.

Wes akasema mdogo aanze. Ndiyo desturi.

Kaisa alijilaza nyuma ya gunia la mchanga, akaweka vizuizi vya masikio, akaegemeza kitako begani. Darla alipiga magoti kando yake. Na pale pale akaona kitu ambacho dukani hakikuwepo.

Koti la Kaisa lilikuwa la sufu nzito, la baba yake, lililopunguzwa mikono. Chini yake sweta mbili. Unene wote huo ulikuwa umekaa kati ya bega na bunduki, ukakisukuma kitako mbele, na darubini ya kulengea iliyo juu ya mtutu ikaenda nacho. Kaisa alinyoosha shingo kama kobe. Akanyoosha tena.

"Mama," alinong'ona. "Naona giza lenye tundu dogo. Sahani siioni."

"Sogea mbele."

"Nimesogea. Kidole hakifiki kwenye kifyatulio."

Darla alimgeukia Wes. Akauliza kwa sauti kama mtoto anaweza kuvua koti.

Jibu la Wes lilikuwa tayari. Lilikuwa limesubiri hapo tangu asubuhi. Alisema kwa upole mkubwa kwamba mtu hupiga jinsi atakavyovaa msituni, na kwamba yeye binafsi hajawahi kumwona kulungu akisubiri mtu avue koti. Kisha akatoa sigara, akaiwasha, akasema hana haraka. Atavuta hii moja. Ikiisha, mtoto awe amepiga, la sivyo Lyle aingize begi lake.

Moshi ukaanza kupanda. Lyle akainua begi, akalipangusa theluji.

Darla alifikiria mambo mengi, mengine hayafai gazetini. Alifikiria kumwomba Kaisa apige kwa kubahatisha. Alifikiria kumwomba Wes huruma, na wazo hilo akalitema. Alipoinua macho, Mummu Aili hakuwepo tena kando yake.

Alikuwa anatoka nyuma ya chumba cha kuogea mvuke cha kambi, kule kwenye rundo la kuni, akiwa na msumeno mkononi.

"Mama," alisema Wes, "hiyo ya nini?"

Bibi alipita mbele yake kama anavyopita mtu mbele ya kochi. Akaichukua bunduki kwa Kaisa, akalipiga komeo kwa kiganja, akaitoa risasi, akampa Darla aishike risasi. Akafungua skrubu mbili za kibati cha mwisho wa kitako kwa ncha ya kisu chake cha mezani. Akakilaza kitako juu ya gogo, akakipima kwa vidole vyake dhidi ya mkono wa Kaisa, kutoka kiwiko hadi kidole, koti likiwemo. Akaanza kukata.

Watu wa kwetu wameona mengi kwenye shimo lile. Hawajawahi kuona bunduki ikikatwa kama mkate wa chai. Mzee mmoja alivua kofia.

"Mama, hicho ni kitu cha thamani," Wes aliropoka.

"Dakika chache zilizopita kilikuwa chakula," bibi alisema, bila kuacha kukata.

Kipande kikaanguka kwenye theluji, chote kikiwa na alama za meno. Kibati kikarudishwa. Sigara ya Wes ilikuwa imebaki nusu, naye aliivuta kwa nguvu sasa, mashavu yakizama.

Kaisa akajilaza tena. Shavu likakaa. Jicho likakaa. Darla aliona mabega ya binti yake yakishuka, jinsi mabega ya Reino yalivyokuwa yakishuka kabla ya kupiga. Tofauti ni kwamba Reino hapo angekosa.

Bunduki ililia. Sahani ikalia. Mlio wa bati juu ya theluji, msomaji, ni mtamu kuliko kengele ya kutoka shule.

Gordy alitembea hadi kule, akarudi, akasema kwa sauti ya mwamuzi kwamba tundu liko kati, kidogo kushoto, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kupiga hivyo akiwa na umri ule, wala mwingine wowote.

Kaisa hakushangilia. Alimgeukia Lyle, ambaye begi lilikuwa limemdondoka kwenye theluji. "Begi lako linalowa, mjomba Lyle," alisema.

Furaha ilidumu muda wa pumzi moja.

"Vizuri," Wes alisema. Aliidondosha sigara, akaikanyaga taratibu. Tabasamu lilikuwa limerudi, lote. "Vizuri sana. Sasa mama."

Ndipo Darla akaelewa. Wes hakuuzuia msumeno, na hii ndiyo sababu yake. Bunduki iliyokatwa kwa mkono wa Kaisa sasa haikuwa ya mkono wa Darla. Alipoiegemeza begani, darubini ilikuwa karibu na jicho lake kama mtu anayetaka kumwambia siri. Akipiga hivyo, chuma kile kitarudi nyuma na kumpasua nyusi. Kila mtu pale alimjua mwanaume mmoja au wawili wenye kovu la mwezi mchanga juu ya jicho, na alijua lilivyopatikana.

"Usiogope, shemeji," Wes alisema. "Kovu litakupendeza. Au tuiache? Hakuna atakayekucheka. Lyle, utamcheka?"

Lyle alisema hapana huku anacheka.

Kaisa aliokota kile kipande kilichokatwa, akajaribu kukirudisha mahali pake, kikateleza. Akamtazama bibi. Lakini safari hii bibi alikuwa amekaa juu ya gogo, mikono mapajani, msumeno umelala miguuni pake. Alikuwa anamtazama Darla. Alikuwa anasubiri, kama anavyosubiri mtu aliyetia hamira.

Darla akakaa kwenye theluji na kuvua kiatu.

"Amechanganyikiwa," Lyle alisema, kwa mara ya kwanza bila kucheka.

Viatu vyetu vya majira haya, kama mnavyojua, vina kiatu kingine ndani: soksi nene ya manyoya yaliyoshindiliwa, nzito kama mkate wa juzi. Darla aliichomoa ikiwa bado inatoa mvuke wa mguu. Akaikunja mara mbili, akaiweka mwishoni mwa kitako, akajaribu begani. Nyembamba. Akavua kiatu cha pili.

Soksi mbili. Akazibana kwa kamba za viatu, akizungusha huku na huku jinsi wanavyofunga nyama ya kuokwa jikoni la shule, fundo lisilolegea hata tanuri lipande vipi. Akaegemeza. Darubini ikasogea mbele mahali pake, duara zima likajaa mwanga, na katikati yake sahani, nyeupe na nene kama mwezi.

Wes alisema hiyo si bunduki, hiyo ni nguo chafu.

"Gordy," Darla aliuliza bila kuondoa jicho, "kuna desturi inayokataza soksi?"

Gordy alifikiri kwa uaminifu. Akasema, kwa kadiri ajuavyo, hakuna aliyewahi kuhitaji kuiweka.

Darla alikuwa amesimama bila viatu, soksi nyepesi za nyumbani zikilowa. Baridi ilikuwa imepita kwenye vidole na sasa ilikuwa inabisha hodi kwenye magoti. Akafikiria kichwa huku, miguu kule. Akafyatua.

Safari hii sahani haikulia vizuri. Ilitoa sauti ya kijiko kikigonga sufuria.

Gordy alikwenda. Alikaa kule muda mrefu. Wes akamfuata, Lyle akamfuata Wes, na wote watatu wakainama juu ya ile sahani kama madaktari. Risasi ya Darla ilikuwa imepasua ukingo. Nusu ya tundu ilikuwa ndani ya sahani, nusu ilikuwa msituni.

Wes alipiga kelele kwamba ukingo si sahani. Gordy akamwuliza, kwa upole, kama keki ikimwagika ukingoni huwa anaiacha. Wes alisema huo si mjadala wa keki. Gordy akasema bati limetoboka, na bati lote lilitoka dukani kwake, kwa hiyo anajua linapoanza na linapoishia.

"Imeingia," alisema mwamuzi. "Wote wawili wamepiga. Kitanda ni chao."

Kaisa alimrukia mama yake, na Darla, ambaye hakuwa na viatu vya kushikilia ardhi, akaanguka naye chali kwenye theluji. Wakabaki hapo wakicheka. Kitanda. Jiko. Kichwa huku, miguu kule.

"Hapana," alisema Wes.

Uso wake ulikuwa umebadilika. Mchezo ulikuwa umemtoka. Alisema alikuwa anawapa nafasi kwa huruma, lakini sasa lazima aseme ukweli mbele ya watu. Kambi hii baba yake aliijenga kwa ajili ya wanaume. Tangu gogo la kwanza, hakuna mwanamke aliyewahi kulala chini ya paa lile msimu wa kulungu, wala kupiga risasi kutoka kizingiti kile. Sahani au si sahani, yeye hataivunja desturi ya marehemu. Akaweka mkono kifuani alipomtaja marehemu.

Wazee waliangalia viatu vyao. Lyle akaliokota begi lake, akaanza kulipeleka mlangoni.

Darla alifungua mdomo. Lakini mtu mwingine alikuwa amesimama.

Mummu Aili alifungua kamba za viatu, akazitoa soksi kwenye kitako, akamrudishia mkwe wake, akamwambia avae kabla hajafa. Akaitazama bunduki, fupi sasa, ikiwa na meno ya nungunungu yaliyobaki shavuni. Akalipiga komeo. Akatia risasi. Hakujilaza. Hakuegemea kitu. Aliinua mikono yake mifupi, na Darla akaona, kwa mshangao uliomsimamisha nywele, kwamba kitako kile kilichokatwa kilimkaa bibi kama kilichoshonwa.

Sahani ikalia. Gordy hakwenda kuangalia. Kila mtu aliona mwanga ukipita katikati.

"Lyle, mwanangu," bibi alisema, "kwa kuwa uko mlangoni. Ingia, uniletee kile kitambaa chekundu cha juu."

Lyle alimtazama Wes. Wes alikuwa bado anaitazama sahani. Lyle akaingia, akatoka nacho, amekishika kwa vidole viwili.

Mummu Aili alikichukua, akakikung'uta masizi ya miaka, akakinyoosha juu ya goti ili watu wote wakione. Kilikuwa na pindo lililoshonwa kwa mkono. Na juu ya pindo, kilichofifia lakini bado kipo, kifungo cha pembeni, cha aina ambayo shati la mwanaume halina.

"Hili si shati," Kaisa alisema.

"Ni gauni," alisema bibi yake. "La kwangu. Nililivaa juu ya suruali ya Urho, kwa sababu mwaka ule sikuwa na koti. Walilikata wakasema nimekosa."

Watu walisogea karibu.

"Sikukosa, Wes."

Macho yake yalipanda polepole hadi juu ya mlango, kwenye zile pembe pana. Macho ya watu wote yakayafuata. Wes, ambaye amezigusa miaka yote akiomba bahati kwa baba yake, alirudi nyuma hatua moja kana kwamba zimepumua.

"Nilimpiga kulungu yule kutoka kizingiti hicho hicho unachokilinda, kwa bunduki hii hii. Usiku ule nikaisahau nje kwa furaha, nungunungu akaila. Jioni ya kesho yake haikuwepo tena. Nikaambiwa imeibwa, na kwamba kulungu ni wa Urho, na mimi ninyamaze nipike." Akaipapasa mifereji ya meno kwa kidole gumba chenye unga. "Leo nimeikuta dukani, kando ya ndoo za chambo. Na kitanda unacholalia wewe, mwanangu, kile cha dirishani, ndicho nilichoamkia siku ile. Utakihama leo kabla ya chakula."

"Baba asingeweza kudanganya," Wes alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Baba alikuwa msituni. Kuna shahidi. Kila mwaka nasema, kuna shahidi aliyemwona akifyatua."

"Ndiyo," Mummu Aili alisema. "Shahidi yupo."

Ndipo Darla aliposikia, nyuma ya umati, mlango wa gari ukifunguliwa taratibu sana, jinsi unavyofunguliwa na mtu mnene asiyetaka usikike.

Bibi hakugeuka.

"Gordy," alisema. "Weka funguo juu ya boneti, kisha uje hapa mbele ya wanangu, uwaambie ulilipwa nini."